Kisu Kinachoitwa "Fanya Kazi" Kimelala Kwenye Boksi

Mwenzangu wa chumba anasoma uhandisi mitambo, na kama walivyo wengi wa kozi yake, ana ugonjwa wake. Wengine wana ugonjwa wa magari, wengine wa saa. Yeye ni visu. Hana hata kimoja cha maana, ana simu tu. Bando la usiku likianza analala chali, anaangalia wazungu wakifungua maboksi ya visu vya kukunja na kuvisifia kama watu wanaosifia mtoto mchanga.

Juzi akanigeuzia simu nione. Mzee mmoja kavaa glavu nyeupe, kama anaingia chumba cha upasuaji. Akatoa kisu kwenye boksi, akakifungua mara moja, akakifunga, akakipangusa alama za vidole ambazo hazikuwepo, akakirudisha. Basi. Kisu kina miaka kadhaa na hakijawahi kukata hata uzi. "Hii ni Sebenza 21," mwenzangu akaniambia kwa sauti ya msibani. "Hawatengenezi tena."

Nikamuuliza: sasa si ndo akitumie basi? Akaniangalia kama nimemtukania dini yake. Tulibishana mpaka saa nane usiku, jirani akagonga ukuta. Makala hii ni mwendelezo wa ubishi ule, ila safari hii kalamu ninayo mimi.

Kwanza tuelewane kuhusu kisu chenyewe, maana wengi wetu kisu tunachokijua ni kile cha elfu mbili cha kumenyea viazi. Sebenza kiliundwa na Chris Reeve, fundi wa Afrika Kusini ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza vifaa vya mashine viwandani. Muundo wa kwanza ni wa mwaka 1987. Mwaka 1989 akahamia Marekani, akaweka karakana yake mji wa Boise, jimbo la Idaho, na huko ndiko visu hivi vinakotoka mpaka leo.

Alichofanya Reeve kinaeleweka hata kwa sisi wa sanaa. Kisu cha kukunja kina tatizo moja kubwa: kikijikunja chenyewe wakati unakata, vidole vinaondoka. Kwa hiyo lazima kiwe na kifungio. Kwenye baadhi ya visu vya wakati ule, kifungio kilikuwa kipande cha chuma chembamba kilichopachikwa ndani ya mpini. Reeve akasema hapana, mpini wenyewe uwe kifungio. Akachukua vibao viwili vya titani, kimoja akakikata mwanya ili sehemu yake ibaki kama ulimi. Ukifungua kisu, ulimi unaingia nyuma ya bapa na kulikaba. Vipande vichache, skrubu chache, na unaweza kukifungua chote mezani, ukakisafisha, ukakirudisha. Leo ukiona kisu cha kukunja chenye mpini wa titani, cha nchi yoyote, kuna uwezekano mkubwa kimeiga wazo hilo.

Na jina je? Sebenza ni Kizulu. Maana yake ni "fanya kazi". Si sifa ya urembo, ni amri. Reeve alipenda kuvipa visu vyake majina ya lugha za kwao: kingine kinaitwa Umnumzaan, yaani mwenye mji, bwana wa heshima. Kingine kinaitwa Inkosi, yaani chifu, neno ambalo mtu wa Songea hahitaji kutafsiriwa, kwa sababu Wangoni walikuja nalo kutoka huko kusini na machifu wao waliitwa Nkosi. Ila kisu kilichomjengea jina Reeve ni hicho cha "fanya kazi".

Bei sasa. Toleo dogo la siku hizi, lisilo na pambo lolote, linazidi dola 400. Kwa makadirio ya dola moja kwa shilingi 2,500 hiyo ni milioni moja. Bumu letu la chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Kwa hiyo Sebenza moja ni siku mia moja bila kula na bila kulala ndani. Nilimpigia mwenzangu hesabu hiyo kwenye karatasi akanyamaza kidogo. Kidogo tu.

Kilichowaumiza wakusanyaji kilitokea mwaka 2019. Toleo la 21 lilikuwa limetoka mwaka 2008, jina lake likihesabu miaka 21 tangu muundo wa kwanza. Likauzwa miaka kumi na moja hivi. Halafu kiwanda kikatangaza kwamba linaachwa, linakuja la 31. Mabadiliko ukiyaangalia ni madogo. Pale ulimi wa titani unapokutana na chuma cha bapa, kikawekwa kigololi cha kauri ili titani isilike. Kile kibanio cha kuning'inizia kisu mfukoni kikakaa kimshazari kidogo ili ncha yake isikandamize ulimi. Na vitu vingine vidogo vidogo vya kwenye mpini. Mtu wa kawaida ukimwekea vyote viwili mezani, atakwambia ni kisu kimoja.

Lakini wenyewe wakagawanyika kama Simba na Yanga. Kuna waliosema ni maendeleo, kilichokuwa kinalika sasa hakiliki. Kuna waliosema roho ya kisu imekufa: 21 ilifunguka taratibu na kwa ulaini ule ule mwanzo mpaka mwisho, na hii mpya haina ulaini ule. Na kuna kundi la tatu, ambalo ndilo nina ugomvi nalo. Hili halikusema sana. Lilikimbilia madukani kununua 21 zilizobaki, likaziweka kwenye masefu.

Kundi hili lina lugha yake. Kisu kisichotumika kabisa wanakiita malkia wa sefu. Kila Sebenza inatoka kiwandani na kadi yenye tarehe yake, na wao wanaiita kadi ya kuzaliwa. Ukitaka kuuza kisu bila kadi, bei inashuka. Bila boksi, inashuka tena. Kikiwa kimenolewa hata mara moja, inashuka zaidi. Hebu soma tena hiyo sentensi: kisu kikinolewa thamani yake inashuka. Sisi tuna methali kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Wazee walisema kikali, hawakusema adimu.

Sasa nisiwe mbishi tu. Mwenzangu ana hoja, na alizitoa vizuri kuliko ninavyotaka kukubali.

Hoja yake ya kwanza ni kumbukumbu. Alisema bila watu wanaotunza vitu vikiwa vipya, tutajuaje vilikuwaje? Fundi wa miaka hamsini ijayo akitaka kupima 21 ilivyotoka kiwandani, akute zote zimenolewa mpaka zimekonda? Hapo nakubali. Kikae kimoja makumbusho, vikae hata kumi. Lakini mzee wa glavu si makumbusho. Makumbusho ina mlango, watu wanaingia wanaona. Sefu ina namba ya siri.

Hoja ya pili ni akiba. Kitu kisichotengenezwa tena hakiongezeki, kwa hiyo bei inaweza kupanda. Ni sawa na kiwanja. Hapana, si sawa na kiwanja. Kiwanja ukikiacha miaka kumi mtu mwingine atajenga, hata kama si wewe. Akiba ya mkusanyaji inanona kwa namna ya ajabu: kila Sebenza 21 inayochakaa kwenye mfuko wa fundi, ile iliyo sefuni inapanda bei. Yaani anafaidika na kazi ya wenzake kwa kutofanya kazi yeye. Na mwisho wa siku, kijana fundi mwenye mkono uliozoea 21, akipoteza yake, atakuta zilizobaki ziko kwa watu ambao hawazihitaji, kwa bei ambayo haiwezi.

Hoja ya tatu ilikuwa fupi: "Hela yake inakuhusu nini?" Hainihusu. Mtu ana haki ya kununua kisu na kukizika uani akitaka. Ninachosema siyo kwamba azuiwe. Nasema tusimwite mpenzi wa visu, na huo msiba wake tusiukubali haraka haraka.

Kwa sababu hebu tuulize ni nani hasa aliyefiwa pale 21 ilipoachwa. Kuna mtu aliyeibeba miaka kumi. Kidole gumba chake kinajua uzito wa lile bapa, anakifungua gizani bila kufikiri. Ukimpa 31, hata kama ni bora, mkono wake utakataa. Mtu huyo amepoteza kitu, na nampa pole ya kweli. Cherehani ya mama ikibadilishwa, hata kwa mpya, mguu unakosa kanyagio. Lakini hata yeye hajapoteza kisu. Kisu anacho. Kina skrubu zake, kinanoleka, na 21 ikinolewa inakata leo kama ilivyokata kabla ya tangazo. Kiwanda kikiacha kutengeneza hakiji kukunyang'anya ulichonacho.

Ila huyu mwenye tano, zote mpya, zote kwenye boksi, analia nini? Hajui zinakataje. Hajui mpini unashikikaje mikono ikiwa na jasho. Ni sawa na kugaragara msibani kwa mtu ambaye hukuwahi kuongea naye. Anachokililia si kisu. Analilia uwezekano wa kununua kingine.

Na viwanda vinasikia. Wanunuzi wakiwa ni watu wa sefu, kiwanda nacho kinaanza kutengeneza cha sefu. Zimetoka Sebenza zenye mbao za urembo kwenye mpini, zenye chuma cha michirizi ya Damascus, hata zenye vipande vya pembe ya mamothi, mnyama aliyetoweka duniani zamani sana. Ni nzuri, sikatai, nimeziona kwenye simu nikatamani. Lakini kisu kinaitwa "fanya kazi", na nani atachunia mbuzi kwa pembe ya mamothi?

Kuna kisu kingine ambacho kila nikibishana na mwenzangu kinanijia kichwani. Kinaitwa Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, mahsusi kwa kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani Afrika, na sisi tulikuwa mmojawapo. Jina ni la yule mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa ndo kwanza wamempa jina, mwaka 1901. Mpini wa mbao, bapa refu jembamba. Kisu cha mtu maskini. Mwaka 1988 kampuni ya Afrika Kusini ikanunua haki za kukitengeneza, kikahamia huko. Angalia hesabu hiyo: mwaka mmoja baadaye Reeve anaondoka Afrika Kusini kwenda Marekani na wazo la kisu kitakachokuwa cha mamilioni. Kimoja kiliingia Afrika Kusini, kingine kikatoka. Na Okapi ilipoacha kutengenezwa Ujerumani, mvaa glavu wa wakati huo alikuwa wapi? Waliokuwa nazo waliendelea kukatia miwa.

Nakijua kisu hicho kwa sababu babu yangu alikuwa nacho. Babu ni wa Rungwe, na ujanani alikwenda Wenela, kama walivyoita wazee wa kwetu kule kuchukuliwa kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Alirudi kabla ya Uhuru na blanketi, sanduku la bati, na Okapi. Blanketi lilichakaa, sanduku likaliwa na kutu. Kisu kikabaki. Nilipokuja kukijua mimi, bapa lilikuwa limenolewa mpaka limekuwa kama jani la mchaichai, na mpini umekaa sura ya kiganja chake. Alikatia migomba, alichongea mipini ya majembe, alichinjia kuku wa wageni, na akimaliza kula alikatia kijiti cha meno.

Alipofariki, kisu kilileta maneno. Baba mdogo alitaka kifungwe kwenye kitambaa kiwekwe, kwa sababu ni kumbukumbu ya mzee na vya Ujerumani havipo tena. Bibi akamwacha amalize. Kisha akaingia jikoni, akarudi na ndizi, akaanza kumenya kwa kisu kile kile mbele yetu sote. Akasema, "Mwanangu, kisu kikilala kinaliwa na kutu. Baba yako hakukilaza hata siku moja, leo nikilaze mimi?" Shangazi akacheka huku analia. Baba mdogo hakurudia tena.

Sikusimulia hayo ili nijifanye mjukuu mwema. Kuna jambo ambalo mwenzangu alinishika nalo, na ubishi wetu wa usiku ule uliishia hapo.

Nilipochaguliwa kuja chuo, bibi alinipa kile kisu. Hakutoa hotuba. Alikitia kwenye mfuko wa nje wa begi langu pamoja na maparachichi. Na mimi nilipofika hosteli nilifanya nini? Nilikifunga kwenye soksi, soksi nikaitia kwenye begi, begi nikalipiga kufuli, nikalisukuma chini ya kitanda. Mwaka wa pili huu. Nikitaka kumenya chungwa naazima kisu cha plastiki cha jirani. Najiambia naogopa kitaibiwa. Najiambia bapa limekonda, litavunjika. Najiambia ni cha babu.

Mwenzangu anajua, maana ndiye pekee niliyewahi kumwonesha. Kwa hiyo nilipokuwa nimepandisha sauti kuhusu mzee wa glavu, yeye akauliza taratibu, "Na ile ya kwenye soksi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina zuri. Naweza kusema kwamba yangu siiwekei bei, na hiyo ni kweli. Naweza kusema kwamba mkusanyaji anakiweka kisu kisizeeke, mimi nakiweka kwa sababu kimezeeka. Hiyo nayo ni kweli. Lakini kutu haiulizi sababu. Niliitoa soksi usiku ule ule nikakuta pale karibu na bawaba kuna madoa mekundu ambayo babu asingeyavumilia hata wiki moja. Miaka zaidi ya sitini ya migomba na kuku hayakuwepo. Yameletwa na heshima yangu ya mwaka mmoja na nusu.

Ndo maana nikaandika makala hii badala ya kumaliza ubishi kitandani. Nilidhani napingana na wazungu wenye hela za kuchezea. Kumbe ugonjwa wenyewe hauhitaji hela. Ni hofu tu, kwamba kitu tunachokipenda kikitumika kitaisha, na kikiisha hakuna kingine. Tangazo la kwamba "hakitengenezwi tena" linaiamsha hofu hiyo hata kwa mtu mwenye akili zake. Angalia majumbani kwetu: vile vikombe vya kabatini vya wageni ambao hawaji, huku baba mwenye nyumba anakunywa chai kwenye kikombe kilichomeguka sikio. Angalia humu humu chuoni: mtu ana kikokotoo kizuri alichoachiwa na kaka yake, anakiacha chumbani kisikwaruzike, anaingia kwenye mtihani na cha kuazima kisichoonesha namba vizuri.

Hofu hiyo ina ukweli wake. Kitu kikitumika kinaisha. Okapi ya babu itakwisha, labda mikononi mwangu, na nitaumia. Sebenza 21 ya yule fundi nayo siku moja itakwisha. Lakini ile ya kwenye sefu nayo haikuepuka kitu. Imeisha siku ilipowekwa, ila yenyewe haikukata chochote njiani. Na jina lake linaendelea kusema, kwa Kizulu kilicho wazi kabisa, kile ilichoombwa kufanya.

Kwa hiyo ombi langu kwa wapenda visu, wa Boise hadi wa hosteli yetu, ni dogo. Kiwanda kikisitisha kitu mnachokipenda, msikimbilie dukani. Fungueni boksi mlilonalo. Weka kimoja kama kumbukumbu kama roho inakusukuma, lakini kimoja kingine kitie mfukoni, kikwaruzike, ujue ulikuwa unalilia nini. Na kama unavyo vitano, mpe kimoja kijana fundi. Mpe bila kadi ya kuzaliwa.

Mimi Jumamosi nilikwenda kwa fundi wa cherehani pale getini kuomba tone la mafuta, nikaazima jiwe la kunolea kwa mama ntilie. Madoa hayakutoka yote. Jioni tukamenya embe, mimi na mwenzangu, kwa Okapi ya 19-na-kitu ambayo Ujerumani hawaitengenezi tena. Ilikata vizuri. Yeye ndiye aliyeshika kisu, na kabla ya kukata kipande cha kwanza alikigeuza geuza mkononi, akatafuta sehemu ambayo kiganja cha babu kilichimba kwenye mbao, akakaza hapo hapo.

Hakuvaa glavu.